Mwanao akikuuliza kuhusu mwezi



Kuna maswali ambayo kila mzazi mwenye mtoto wa miaka minne hadi minane ameshayasikia. "Baba, kwa nini mwezi unatufuata?" "Mama, mbona leo mwezi ni mdogo, nani ameukata?" "Bibi, mwezi unalala wapi mchana?" Mara nyingi maswali haya huja wakati usiofaa: mama anapakua chakula, baba anatafuta ufunguo wa geti, umeme umekatika. Na mara nyingi jibu letu huwa moja tu: "Ni kazi ya Mungu. Nenda kalale."

Jibu hilo ni la kweli. Mwezi ni kazi ya Mungu. Lakini kwa jinsi tunavyolitamka, mtoto halisikii kama jibu. Analisikia kama mlango unaofungwa. Akishafungiwa mara tano, mara kumi, anajifunza mambo mawili ambayo hatukukusudia kumfundisha: kwamba kuuliza ni utundu, na kwamba jina la Mungu hutajwa pale mtu mzima anapochoka kufikiri.

Hilo la pili ndilo linalonitia hofu kama padre. Miaka michache baadaye mtoto huyo atakaa darasani na kuelezwa vizuri kabisa kwa nini mwezi hukua na kupungua. Atafurahi. Kisha atajiuliza kimoyomoyo: kumbe sababu ilikuwepo, mbona nyumbani waliniambia ni kazi ya Mungu? Atafikiri kwamba kuna vikapu viwili, kimoja cha mambo yanayoeleweka na kingine cha mambo ya Mungu, na kwamba kila anapojifunza jambo jipya, kikapu cha Mungu kinapungua. Halafu sisi wakubwa tunakaa kwenye vikao vya parokia tukilalamika kwamba vijana wanapoteza imani.

Leo ninaomba tuutazame mwezi pamoja na watoto wetu, ili maneno "ni kazi ya Mungu" yawe mwanzo wa mazungumzo, yasiwe mwisho wake.

ZABURI YENYE WATOTO NA MWEZI

Fungua Biblia yako Zaburi ya 8. Ni zaburi fupi, aya tisa tu. Mwanzoni mwake mwimbaji anasema kwamba Mungu amejipatia sifa kutoka vinywani mwa watoto wadogo na wanyonyao. Aya inayofuata, anainua macho, anaziona mbingu, mwezi na nyota, naye anashangaa kwamba Mungu aliyefanya yote hayo anamkumbuka binadamu. Watoto na mwezi wamewekwa jirani katika sala moja. Aliyeitunga alijua kwamba anayeushangaa mwezi kwa dhati yuko karibu na kusali.

Zaburi hiyo imefika mbali kuliko wengi wetu tunavyojua. Wanaanga wa Apollo 11 walipotua mwezini tarehe 20 Julai 1969, walikuwa wamebeba kisahani kidogo chenye salamu za viongozi wa mataifa mbalimbali. Ndani yake ulikuwemo ujumbe wa Papa Paulo VI, na kiini cha ujumbe huo ni Zaburi ya 8. Kisahani kile kiliachwa mwezini. Usiku ule Papa mwenyewe alikuwa Castel Gandolfo, na aliutazama mwezi kwa darubini ya kituo cha Vatikano cha kuchunguza anga.

Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye kila mseminari husomeshwa, alifundisha kwamba kukosea kuhusu viumbe huweza kumfanya mtu akosee pia kuhusu Mungu. Maana yake kwetu wazazi na makatekista ni nyepesi: ukimfundisha mtoto ukweli kuhusu mwezi, hujaiacha dini ukaingia sayansi. Unamlinda asije akamwelewa vibaya Muumba wake.

CHUNGWA MOJA NA TAA MOJA

Basi tumwelezeje mtoto? Huhitaji vifaa vya gharama. Unahitaji chungwa, taa na chumba chenye giza.

Weka taa au tochi upande mmoja wa chumba, juu ya kabati. Hiyo ndiyo jua. Mpe mtoto chungwa alishike kwa mkono ulionyooshwa, juu kidogo ya usawa wa kichwa chake. Chungwa ndilo mwezi, na kichwa chake ndicho dunia. Mwambie aitazame taa. Je, upande wa chungwa unaomtazama yeye una mwanga? Hauna, kwa sababu taa inamulika upande wa nyuma. Hizo ndizo siku ambazo hatuuoni mwezi kabisa. Haujafa wala haujaibiwa. Upo, ila upande wenye mwanga umegeukia kule.

Sasa ageuke polepole kuelekea kushoto, chungwa likiwa bado mbele yake. Utepe mwembamba wa mwanga utaanza kuonekana pembeni: huo ndio mwezi mwandamo. Akifika robo ya mzunguko, ataona nusu ya chungwa imeng'aa. Akiipa taa mgongo, chungwa lote lililo mbele yake litakuwa jeupe: huo ndio mwezi mpevu. Akiendelea kugeuka, mwanga utapungua kwa upande mwingine hadi aitazame taa tena. Mwezi wa kweli huchukua siku 29 na nusu hivi kumaliza safari hiyo, kutoka kuandama hadi kuandama. Ndiyo maana katika Kiswahili chetu neno "mwezi" ni lile la angani na ni lile la kwenye kalenda.

Hapa watu wazima wengi hukosea. Ukiwauliza kwa nini mwezi unapungua, watasema ni kivuli cha dunia. Sivyo. Nusu ya mwezi humulikwa na jua wakati wote, kama vile nusu ya chungwa ilivyomulikwa na taa muda wote wa mchezo wetu. Kinachobadilika ni kiasi gani cha hiyo nusu tunakiona kutoka hapa tulipo. Kivuli cha dunia huingia pale tu mwezi unapopatwa, na hilo hutokea siku ya mwezi mpevu. Mwambie mtoto aipe taa mgongo tena, kisha ashushe chungwa hadi kivuli cha kichwa chake kiliangukie. Ameshaelewa kupatwa kwa mwezi, na hajafika darasa la tatu.

Na lile swali la kwa nini mwezi unatufuata? Mkumbushe safari ya basi. Miti ya kando ya barabara hukimbia kurudi nyuma, lakini mlima ulio mbali huonekana kama unasafiri nawe. Kitu kikiwa mbali sana, hatua zetu hazibadilishi mahali tunapokiona. Mwezi uko mbali kwa wastani wa kilomita 384,000. Ni sawa na kwenda kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza zaidi ya mara 300. Kwa hiyo basi likikimbia kutoka Chalinze hadi Morogoro, kwa mwezi ni kama halijasogea.

Na unalala wapi mchana? Haulali. Siku chache baada ya mwezi mpevu, mtoto anayekwenda shule asubuhi akitazama magharibi atauona umebaki angani, mweupe kama kipande cha wingu. Umekuwa ukionekana mchana tangu azaliwe, ila hakuna aliyemwonyesha.

MTUMBWI ANGANI

Niliwahi kuonyeshwa daftari la mtoto wa darasa la pili. Aliambiwa achore mwezi mchanga. Akachora umelala, ncha zake mbili zikitazama juu, kama mtumbwi. Mwalimu akamwekea alama ya kosa, kwa sababu kitabuni mwezi umesimama wima.

Mtoto alikuwa amechora alichokiona. Vitabu vingi vya picha vimechorwa na watu wa nchi zilizo mbali na ikweta. Kule jua huzama kwa mshazari, na mwezi mchanga huonekana umesimama. Kwetu, karibu na ikweta, jua hushuka moja kwa moja chini. Upande wa mwezi wenye mwanga siku zote hulielekea jua. Kwa kuwa jua limezama chini yake, basi mwanga unakaa chini, na mwezi unalala kama mtumbwi majini, nyakati nyingine ukiinama kidogo upande mmoja. Toka nje jioni ya mwezi mwandamo ujionee.

Ninalitaja jambo hili dogo kwa sababu ndani yake kuna jambo kubwa. Amri ya nane inatukataza kusema uongo, nasi huwafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza kwamba maana yake ni kutomsingizia jirani. Lakini kusema kweli huanza mapema zaidi, pale mtoto anapoona kitu na kukieleza kama kilivyo. Tukimwadhibu kwa kuamini macho yake, tutashangaa nini akikua na kuwa mtu anayesema kile mkubwa anachotaka kusikia?

Wako watoto wanaojua mwezi kuliko vitabu. Mtoto wa mvuvi wa dagaa kule Ukerewe au Musoma anajua kwamba baba yake hupumzika siku za mwezi mpevu, kwa sababu mbalamwezi ikitanda juu ya ziwa, dagaa hawakusanyiki kwenye taa ya mvuvi. Mtoto wa Bagamoyo au Kilwa anajua kwamba mwezi ukiandama au ukipevuka bahari huja na bamvua, na ukiwa nusu huja maji mafu. Katekista mwenye busara huanza na hayo ambayo watoto wameyapata nyumbani. Bwana wetu mwenyewe alianza na nyavu, mbegu na chachu.

MWEZI KATIKA KALENDA YA KANISA

Kila mwaka watoto wa mafundisho huuliza: kwa nini Krismasi haihami lakini Pasaka inahamahama? Jibu ni mwezi.

Waisraeli waliamriwa kuadhimisha Pasaka siku ya kumi na nne ya mwezi wa kwanza, kama tunavyosoma katika kitabu cha Kutoka sura ya 12. Kwa kuwa mwezi wao ulianza kwa mwandamo, siku ya kumi na nne ilikuwa ya mwezi mpevu. Walitoka Misri usiku, wakiwa na wazee na watoto, na Mungu aliwachagulia usiku wenye mwanga. Bwana wetu aliteswa na kufufuka majira hayo hayo. Hivyo alipokuwa akisali bustanini Gethsemane, juu ya mizeituni ulikuwepo mwezi mkubwa. Yohane anasimulia kwamba waliokuja kumkamata walibeba taa na mienge, ingawa usiku ule haukuwa wa giza.

Mtaguso wa Nisea mwaka 325 uliamua Wakristo wote waadhimishe Pasaka siku moja. Kanuni tunayoifuata ni hii: Pasaka ni Dominika inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, kwa hesabu za Kanisa. Kwa hiyo haiwezi kuwa kabla ya tarehe 22 Machi wala baada ya tarehe 25 Aprili. Mwaka 2024 mwezi mpevu ulikuwa Jumatatu tarehe 25 Machi, na Pasaka ikawa tarehe 31 Machi. Mwaka 2025 ulikuwa Dominika ya Matawi tarehe 13 Aprili, na Pasaka ikawa tarehe 20 Aprili.

Kwa karne nyingi hesabu ziliteleza, hadi Papa Gregori XIII alipoirekebisha kalenda mwaka 1582. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo alikuwa Mjesuiti Christopher Clavius, mwanahisabati. Mjesuiti mwingine, Giovanni Battista Riccioli, mwaka 1651 alichapisha ramani ya mwezi iliyochorwa pamoja na mwenzake Francesco Maria Grimaldi, na majina mengi aliyoyatoa yanatumika mpaka leo. Bahari ya Utulivu, ambako Apollo 11 ilitua, ilipewa jina hilo na padre huyo. Mtu akikwambia Kanisa linaogopa elimu ya anga, msimulie habari hizo kwa upole.

Na kuna zawadi kwa familia. Kwa sababu ya kanuni hiyo, Jumatano ya Majivu kwa kawaida huangukia siku za giza au za mwezi mchanga. Katika Kwaresima mwezi hujaa mara moja, hupungua, hupotea kabisa, kisha hujaa tena tunapofika Juma Kuu. Mtoto anaweza kuifuata Kwaresima nzima kwa kutazama angani. Atajua kwamba Pasaka inakaribia hata kabla hajaona mama akinunua kitambaa.

HOFU ISIYO NA SABABU

Sasa nifike kwenye jambo linaloumiza.

Katika kigango kimoja nilichowahi kuhudumia, alikuwepo msichana wa miaka tisa aliyekuwa na kifafa. Wazazi wake waliamini anaanguka kwa sababu ya mwezi. Mwezi ulipokaribia kupevuka, walimfungia ndani. Shule aliacha. Kanisani hakuonekana. Majirani walinong'ona kuhusu mapepo na laana ya ukoo. Baba yake hakuwa mkatili. Alikuwa mtu mwenye hofu, na alidhani anamlinda.

Katekista wetu, mama mtu mzima ambaye hakuvuka darasa la saba, hakugombana naye. Alimpelekea kalenda ya ukutani na kalamu, akamwomba kitu kimoja: kila siku binti akianguka, aweke alama, na kila jioni atazame angani aandike mwezi ukoje. Miezi miwili baadaye waliketi pamoja wakaisoma ile kalenda. Alama zilikuwepo siku za mwezi mpevu. Zilikuwepo pia siku za nusu mwezi, na siku za giza totoro. Hazikuwa na mpangilio wowote. Baba alinyamaza muda mrefu. Wiki ile ile alimpeleka binti yake hospitali ya wilaya.

Injili inamjua mtoto wa namna hiyo. Katika Matayo sura ya 17 baba anapiga magoti mbele ya Yesu akimwombea mwanawe anayeanguka motoni na majini. Neno la Kigiriki alilolitumia mwinjili kwa ugonjwa ule limetokana na jina la mwezi, kwa maana watu wa zamani waliamini mwezi ndio unaowaangusha wagonjwa. Imani ile ni ya kale kuliko ukoo wowote wa kwetu. Lakini angalia Yesu alivyofanya. Katika simulizi la Marko sura ya 9, anamuuliza baba ni tangu lini mtoto amepatwa na hali hiyo, kama mganga mwema anavyouliza. Kisha anamshika mtoto mkono na kumwinua. Hakuna mahali popote alipoulaumu mwezi, ukoo wala mtoto.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu sahihi. Kumwombea mgonjwa ni wajibu wetu, na kumpeleka hospitali ni wajibu wetu pia. Akianguka mbele yako, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, usimtie kitu chochote mdomoni, na usimkimbie. Kifafa hakiambukizwi kwa kumgusa mtu.

Abrahamu, baba yetu katika imani, alitoka Uru, mji uliomwabudu mungu mwezi, akapitia Harani, ambako pia mwezi uliabudiwa. Na sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo, inapofika kwenye uumbaji wa jua na mwezi, haiviiti kwa majina. Inasema tu kwamba Mungu alifanya mianga miwili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Wataalamu wa Maandiko wanaona humo kusudi: mataifa jirani yaliviita vitu hivyo miungu, naye mwandishi mtakatifu anasema, hizi ni taa tu, zimewekwa zitumike. Anayemfundisha mtoto kwamba mwezi ni jiwe kubwa la mviringo linaloakisi mwanga wa jua, anamfundisha kile kile alichofundisha mwandishi wa Mwanzo. Anamwondoa Uru.

Tarehe 7 Septemba 2025, jioni ya Dominika, mwezi ulipatwa wote ukageuka rangi ya shaba, na huku kwetu ulionekana vizuri kati ya saa mbili na nusu na saa nne kasoro usiku. Kiswahili kinasema umepatwa, kana kwamba umekamatwa na mnyama. Lakini mtoto aliyecheza na chungwa na taa hakuwa na sababu ya kuogopa. Alijua nani amesimama kati ya jua na mwezi: ni sisi.

MWEZI WA PAPA YOHANE

Tarehe 11 Oktoba 1962 ulifunguliwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Usiku, umati ulijaa uwanja wa Mtakatifu Petro wakiwa na mienge. Papa Yohane XXIII, mzee wa miaka 80, hakuwa amepanga kuhutubia tena siku hiyo. Alitokea dirishani, akawaambia kwamba hata mwezi umefanya haraka kuja kutazama. Mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili tu kupevuka. Kisha akawaomba wakirudi nyumbani wawakute watoto wao, wawapapase kwa upendo, wawaambie kwamba huo ni upendo wa Papa. Maaskofu wa dunia nzima walikuwa wamekusanyika mjini kwa mambo mazito, na mchungaji wao mkuu alimaliza siku kwa kuwatajia watu mwezi na watoto.

Mababa wa Kanisa, miongoni mwao Mtakatifu Ambrosi wa Milano na Mtakatifu Augustino, waliulinganisha mwezi na Kanisa. Mwezi hauna mwanga wake wenyewe. Kanisa nalo halina mwanga wake lenyewe. Linang'aa kwa kadiri linavyomgeukia Kristo. Mwezi hupungua machoni petu hadi tukadhani umekwisha, na kumbe jua halijaacha kuumulika. Vivyo hivyo Kanisa lina nyakati zake za giza, na Kristo hajawahi kulizimia mwanga wake. Mtoto wa miaka saba anaweza kulielewa hilo, lakini kwa sharti moja: awe ameshajua kwa nini mwezi hukua na kupungua. Ukimpa fumbo kabla ya ukweli, ataondoka na maneno matupu.

KAZI YA JIONI

Kwa hiyo, ndugu wazazi, babu na bibi, makatekista na walezi wa Utoto Mtakatifu, ninawapa kazi. Chukueni karatasi moja. Kwa kizibo cha soda, chorea mtoto miduara 30. Kila jioni, kwa dakika tano, tokeni nje naye, mkatafute mwezi. Akiuona, apake rangi sehemu yenye giza na kuacha nyeupe sehemu inayong'aa. Mawingu yakiziba, achore wingu. Asipouona jioni, umwonyeshe asubuhi yake. Usimpe jibu upesi. Muulize: unadhani kesho utakuwaje? Kesho yake mkaangalie kama alisema kweli.

Usipojua jibu la swali lake, mwambie hujui, mtaliuliza kwa mwalimu. Mtoto hadharau mzazi asiyejua. Anajifunza kwake kwamba kutojua si aibu. Kisha, kabla ya kuingia ndani, fanyeni ishara ya msalaba na mmshukuru Mungu kwa maneno machache. Sasa unaweza kumwambia kwamba ni kazi ya Mungu, naye atajua unazungumzia nini.

Baada ya siku 30 mtakuwa na karatasi iliyochakaa, yenye alama za vidole na madoa ya mafuta ya taa. Ibandikeni ukutani, karibu na msalaba. Wahenga walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto aliyeshikwa mkono na baba yake akaonyeshwa mwezi, siku akikutana na giza la kweli maishani, atakuwa na mahali pa kuanzia kutafuta mwanga.

Nawatakia Dominika njema. Mwenyezi Mungu awabariki ninyi na watoto wenu, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.